Kiti cha Mlango

Jumanne, 4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Kosa wanalofanya watu wengi juu ya damu ya mwezi ya mwenzao ni kudhani kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Kunyamaza kuna mahali pake, sikatai. Anayetangaza mambo ya mwenzake hadharani hana adabu. Lakini kati ya kutangaza na kunyamaza pana kitu cha tatu, nacho ni kuuliza kwa sauti ndogo. Hicho wengi tumekisahau.

Naanza hivyo kwa sababu barua yako ya kunieleza kwamba umepewa usimamizi imenifurahisha, kisha sehemu yake moja imenikaa kooni. Umeniambia kwamba katika chumba chenu cha kufungasha dawa ya macho mnavaa nguo nyeupe tangu utosini hadi unyayoni, na anayetaka kwenda chooni lazima apite mbele ya mstari mzima wa wafungashaji, avue vyote, kisha akirudi avae upya. Kwa hiyo wenzako wakakubaliana, bila kumwuliza mwajiri, kwamba aliye katika siku zake akae kiti cha mwisho, karibu na mlango, na jirani yake amshikie chupa zake anapotoka. Hakuna anayeulizwa kitu. Nimefundisha wauguzi mpaka mvi zikanikuta darasani, na sijaona mpango wa kiungwana kuliko huo.

Uongeze mambo machache. Omba pedi ziwekwe chumba cha kubadilishia nguo, wazi, mtu achukue bila kubisha kwa yeyote. Wahimize wanywe maji, maana najua wanaacha kunywa ili wasitoke. Dawa ya maumivu iwepo, na mahali pa kuketi anayekatwa na tumbo.

Sasa swali lililonikaa kooni. Anayekaa kiti hicho, nani humwuliza kama ni mzima?

Usinipigie simu. Sikio la kulia limestaafu, na la kushoto linaomba ruhusa. Andika.

Shangazi yako


Jumamosi, 15 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chakula. Habari ya masikio imewachekesha sana, na sasa wanakuita Shangazi wa Mstari. Pedi zimewekwa. Bosi alitia sahihi haraka, aliona haya kusoma ombi mpaka mwisho.

Ila hilo la kuuliza, Shangazi, ngoja nikueleze tulikotoka. Bwana aliyenitangulia alikuwa na mtindo wa kusimama nyuma ya mtu na kusema kwa sauti, mbele ya mafundi wa mashine, "Wewe tena? Si juzi tu ulikuwa huko?" Dada mmoja alitoka siku hiyo akalia, akaenda zake, mpaka viatu vyake aliviacha. Ndipo wenzangu wakaanzisha kiti na sharti lake. Sharti lenyewe ni maneno mawili tu, hatuulizani kitu. Mimi nikianza kuuliza nitakuwa yule bwana, aliyevaa sketi.

Ngoja nikuchekeshe nawe. Tunaye mama mmoja fundi wa kukaza vifuniko, mikono yake haikosei. Tunamwita Kokoto. Chumba cha kubadilishia nguo kina mashine ya barafu, ile ya kujazia masanduku ya dawa inayosafirishwa, naye kila tukipumzika yuko pale na kikombe chake. Anavyotafuna ungedhani mtu anatembea juu ya kokoto. Juzi mwenzake akamwambia, "Wewe ukizaa utazaa friji." Akajibu, "Afadhali. Friji hailii usiku."

Simlaumu. Barafu ile ukiilaza kwanza chini ya ulimi kabla ya kuivunja, ubaridi wake unapita mpaka nyuma ya masikio, na kichwa kilichokuwa kizito kinafunguka kama dirisha.

Kiti cha mlango nacho kinampenda. Karibu kila nikiingia yupo pale. Wengine wameanza kunong'ona kwamba amekinunua.

Mimi mzima. Ila ngazi za nyumba ninayopanga naona kama zimeongezwa. Labda ni uzito wa cheo.

Chiriku wako


Jumamosi, 22 Machi

Chiriku,

Nimecheka kuhusu friji, kisha nikasoma tena na kicheko kikaisha.

Nisikilize taratibu. Mtu anapotamani sana kutafuna kitu kisicho chakula, barafu, udongo, chaki, mara nyingi mwili unalia kwamba damu imepungua. Kwa nini iwe barafu, wataalamu bado wanabishana. Ila sisi tuliokaa wodini tulijifunza kuisikia ile sauti ya meno na kwenda kutazama kope za mtu kwa ndani. Zikiwa nyeupe kama karatasi, hatukungoja.

Na mtu anayekaa kiti cha mlango karibu kila ukiingia hayuko katika siku zake, mwanangu. Siku zina mwisho. Damu isiyo na mwisho ina jina jingine, na inatibika ikiwahiwa. Isipowahiwa, moyo unalazimika kusukuma maji mahali pa damu, mpaka unachoka.

Mwite pembeni, si mbele ya watu. Mwulize kama damu yake inapita wiki. Mwulize kama anabadilisha pedi kila saa, na kama yanatoka mabonge. Mwulize kama akipanda ngazi moyo unamwenda mbio. Huo si uchokozi wa yule bwana. Yeye aliuliza ili kumrudisha mtu kazini. Wewe unauliza ili arudi nyumbani akiwa hai.

Usiisome hii mbele ya meza ya chakula.

Shangazi yako


Jumatano, 2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Naandika kwa ufupi, tuna shehena kubwa ya kumaliza. Lile jambo la Kokoto nimelishughulikia, usiwe na wasiwasi. Habari za kiti nazo zimetulia, hakuna tena manung'uniko. Bosi ameusifu mstari wetu.

Nalala mapema siku hizi. Nikirudi sitaki hata kuwasha jiko.

Chiriku


Alhamisi, 3 Aprili

Kwako Shangazi wa Msimamizi,

Hunijui, lakini umeshaandika habari zangu. Mimi ndiye wanayeniita Kokoto. Anwani yako nimeinakili kutoka nyuma ya bahasha ambayo msimamizi aliiacha mezani. Unisamehe kwa hilo.

Alianza kutusomea barua yako kama kawaida, tukitegemea kucheka. Alipofika kwenye barafu akaikunja. Wote wakanitazama, kisha wote wakatazama sahani zao. Kesho yake akatangaza kwamba kiti cha mlango sasa kitakuwa cha zamu, ili iwe haki kwa kila mtu. Mimi akanihamishia katikati ya mstari, tunakosimama. Hakuniuliza kitu. Simlaumu, ni mtoto mwema, na mimi nisingemjibu.

Hapa katikati siwezi kutoka bila wote kuniona. Navaa pedi mbili na kitambaa juu yake, na sinywi maji. Damu hii ilianza kabla ya mvua za vuli, mvua zimekuja zimekwisha, bado nipo nayo. Mama yangu alikuwa hivi hivi. Alisema wanawake wa kwetu wana damu nyingi, ni neema. Alifua nguo mchana mmoja, akaingia ndani kulala kidogo, hakuamka, nikaja kuzianua mimi.

Nikisema naumwa nitatolewa chumba safi, hiki cha kufungasha. Hapa mgonjwa hapelekwi nyumbani, anapelekwa ghala la juu kubeba makasha, na ngazi zile siziwezi tena.

Nina swali moja tu. Masikioni mwangu kuna sauti, kama mtu anayetwanga chumba cha pili. Zamani ilikuja nikiinuka. Sasa haiondoki. Itanyamaza lini?

Usimwambie msimamizi, tafadhali.

Mimi wanayeniita Kokoto


Jumatano, 9 Aprili

Dada yangu,

Nakuita dada maana jina ulilopewa ni la mzaha, na hapa hapana mzaha.

Sauti hiyo ni moyo wako. Damu imekuwa nyepesi, basi moyo unaikimbiza ili kidogo kilichobaki kifike kila mahali, na mwendo huo ndio unaousikia. Usiombe inyamaze yenyewe. Inanyamazishwa hospitali, kwa damu ya kuongezewa na kwa kutafuta inakovujia. Mara nyingi ni uvimbe katika mfuko wa uzazi, usio saratani, unaoweza kuondolewa. Huenda mama yako alikuwa nao, na hakupata wa kumwambia. Haikuwa neema. Ulikuwa ugonjwa uliopewa jina zuri.

Nenda hospitali siku utakayoisoma hii. Mlangoni sema maneno haya, "Natokwa na damu tangu kabla ya mvua, na nasikia moyo masikioni." Hawatakuweka foleni.

Siri yako naibeba mpaka barua hii ikufikie, si zaidi. Sina anwani yako nyingine, ndiyo maana naituma kiwandani kwa jina hilo hilo la mzaha.

Shangazi wa Mstari


Jumamosi, 19 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Sijui nianzie wapi. Kokoto hajaja kazini tangu mwanzo wa wiki. Jirani yake kwenye mstari anasema atakuwa anapumzika, na wengine wanasema amenuna kwa sababu ya kiti. Nilikudanganya, Shangazi. Sikumwuliza. Nilimwita pembeni kweli, akasimama mbele yangu na zile nguo nyeupe, nikashindwa, nikamwuliza habari za watoto. Kisha manung'uniko yakazidi, nikakifanya kiti kuwa cha zamu na yeye nikampeleka katikati. Niliona ni haki.

Siku ile ya mwisho wakati wa kutoka niliona ameshika ukuta na kuinama. Nikajiambia anafunga kiatu. Viatu vyetu havina kamba.

Bahasha imekuja kwa jina lake, mwandiko ni wako. Nimeiweka kwenye kabati lake bila kuifungua. Sikuuliza kwa nini mnaandikiana, wala sijaenda kwake, nisije nikaonekana namfuata mtu mpaka kitandani. Unajua sharti letu.

Nifanye nini?

Chiriku


Jumatatu, 21 Aprili

Chiriku,

Jirani yangu amekupigia simu mara nyingi tangu asubuhi. Najua mnazifungia kabatini. Mwanawe wa kiume anasafiri sasa hivi kwa pikipiki na ataleta hii mpaka getini.

Ile bahasha ifungue. Ni maneno yangu, nakupa ruhusa. Usikae kuisoma yote.

Uache mstari. Nenda kwa yule mama sasa, wewe mwenyewe, na gari. Piga hodi mara moja. Asipoitika, ingia. Ukimkuta amelala usiseme anapumzika, mwamshe. Asipoamka vizuri, mbebeni. Daktari mwambie damu haijakoma tangu kabla ya mvua.

Watu husema mficha maradhi kilio humfichua. Huyu hakuficha peke yake. Mlimshikia pazia nyote, kwa mapenzi.

Shangazi


Jumatatu, 28 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Yu hai. Nimeandika hilo kwanza ili usome mengine umekaa.

Niliisoma barua yako nikiwa bado na kofia ya kazi kichwani. Nilitoka nayo hivyo hivyo. Kwake mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nguo zilikuwa kambani nyuma ya nyumba, zimekauka mpaka zimekakamaa, hakuna aliyezianua. Niliziona kabla ya kumwona yeye, nikakimbilia ndani. Alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Midomo haikuwa na rangi. Binti yake mdogo, anayesoma shule ya msingi, alikuwa amekaa mlangoni na kitabu, akaniambia, "Mama amesema tusimsumbue, anapumzika." Nilimwita, nikamtikisa. Alifumbua macho kama mtu anayeangalia kutoka chini ya maji.

Tulimfikisha hospitali. Daktari alipomaliza kumpima alinitazama vibaya, akasema, "Mtu wenu amekuwa akifanya kazi hivi, na nyinyi mkimwona?" Nilitaka kumwambia kwamba tulimpa kiti.

Ameongezewa damu. Ni uvimbe, kama ulivyosema, na atafanyiwa upasuaji moyo ukipata nguvu. Moyo umetanuka, Shangazi. Hawajatuahidi kitu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani amekaa mlangoni?" Nikamwambia hakuna mtu. Ni kweli. Tangu siku ile hakuna anayetaka kukikalia. Wanakipita kwa pembeni, na wawili wameanza kufunga kitambaa kama yeye na kusimama kutwa nzima ili wasiambiwe mkosi wa kiti umewafuata.

Kwa bosi nilikwenda. Nilimwambia mgonjwa wa chumba changu hatapelekwa ghalani tena, atakwenda zahanati kwa gari la kampuni, na kazi yake ataikuta. Alianza kusema habari za utaratibu. Nikamweleza nilivyozikuta zile nguo kambani. Akatia sahihi, na safari hii alisoma mpaka mwisho.

Nimeanza kuuliza kama ulivyonifundisha, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo. Ni kazi ngumu kuliko shehena. Bibi mmoja mcheshi alinijibu, "Miaka yote nangoja mtu aniulize, sasa umeniuliza nimesahau jibu." Kisha akalia, kisha akanijibu.

Kuna kitu kimoja hakinipi raha. Kokoto yuko hospitali, lakini ndoo tunayokinga barafu chini ya mashine bado inapungua mpaka nusu kabla ya mchana, kama alipokuwepo. Nimewauliza wote kama kuna mwingine anayetafuna. Wote wamekataa, na mimi nawaamini. Mashine labda inavuja.

Mimi nimechoka tu. Nilipokuwa napanda ngazi za wodi ilibidi nikae katikati. Watu walidhani nalia, nikawaacha wadhani.

Chiriku wako


Jumamosi, 3 Mei

Mwanangu Chiriku,

Umefanya vizuri, na nakwambia hivyo wazi kwa sababu najua unajihukumu. Ulichelewa, kisha ukaenda. Wengi huchelewa, kisha huenda msibani.

Kile kiti kisiondolewe. Kirudisheni kama kilivyokuwa, bila zamu, maana aliye katika siku zake hapangi tarehe na mwenzake. Badilisheni sharti lake tu. Anayekikalia aulizwe, na jirani yake kwenye mstari, ambaye keshamshikia chupa, ndiye amwulize. Mwanzoni watacheka na kukasirika. Waache wacheke.

Sasa hilo la ndoo. Nilipoipata barua yako niliitafakari ile mashine inayovuja, kisha nikatoa barua zako zote na kuzisoma tangu ya kwanza, kama nilivyokuwa nikisahihisha mitihani, polepole na kwa kidole. Umewauliza wote, umesema. Umewauliza wote isipokuwa mmoja.

Mwezi wa tatu uliniandikia kwamba barafu ukiilaza chini ya ulimi kabla ya kuivunja, ubaridi unapita mpaka nyuma ya masikio na kichwa kinafunguka kama dirisha. Nilicheka nikapita. Mtu hajui hayo kwa kumtazama mwenzake akitafuna, Chiriku. Katika barua hiyo hiyo ngazi za nyumba yako zilikuwa zimeongezwa. Baadaye ukawa unalala mapema na jiko huliwashi. Sasa umekaa katikati ya ngazi za hospitali, na mimi sidhani ulikuwa unalia.

Msimamizi hana kiti kwenye mstari. Anasimama nyuma ya wote akiwatazama, na hakuna jirani wa kumshikia chupa. Ndiyo sababu hakuna aliyekuona, hata wewe mwenyewe. Huenda kwako ni jambo dogo, la vidonge na chakula cha kufaa. Huenda si dogo. Sijui, na barua haipimi damu.

Mimi nakuuliza, kwa sauti ndogo. Siku zako zinaisha?

Shangazi yako

Tena, usinijibu kwanza. Weka barua hii mfukoni, uende zahanati ukapimwe damu leo.